Kona ya Wilmar Haikupigiwa Honi

Asubuhi ile kaka yangu Ferney alinipakia kwenye pikipiki kunirudisha chuoni Medellín, ninakosomea sheria. Jua lilikuwa limeshaanza kuwaka juu ya mibuni.

"Wakili, ukikaa kama gunia tutaanguka," alinitania. "Nikilala kwenye kona, lala nami. Na uangalie tunakoelekea, siyo korongoni. Pikipiki hufuata macho."

Tulishuka mlima vizuri. Kabla ya kila kona alipunguza mwendo, akashusha gia, akalala taratibu, akatoka.

Tukakaribia msalaba wa Wilmar kando ya barabara, rafiki yake aliyetumbukia na pikipiki mtoni, chini ya korongo, wakati wa Pasaka. Kwetu, kila dereva humpigia honi marehemu wa kona; hata lori la maziwa mbele yetu lilipiga. Ferney hakupiga.

"Msalimie basi!" nilimfokea. "Mji mzima unamwita mlevi, na wewe rafiki yake unamnyima hata honi?"

Alishusha gia. Tukaingia kwenye kona.

Pikipiki ikakataa kulala.

"Usivute nje!" alipaza sauti.

"Sivuti!"

Kweli sikuvuta. Mikono miwili ilikuwa imenikumbatia kutoka nyuma, pale penye chuma cha mizigo tu. Ya baridi. Ikaegemea korongoni. Changarawe zikalia chini ya tairi. Ukingo ukasogea.

"Ferney... kuna mtu."

"Najua." Alikuwa analia. "Wilmar, ndugu yangu, nisamehe. Nilikupita ndani ya kona. Nilikubana hadi ukingoni. Hukuwa umelewa. Nimenyamaza kwa aibu."

Mikono haikulegea.

"Siyo yeye wa kuambiwa," nilisema. "Anajua. Mwambie mama yake!"

"Naenda. Naapa, naenda sasa hivi."

Ikaniachia. Pikipiki ikalala, ikatoka.

Tulipitiliza hadi kwa Doña Ligia, mama wa Wilmar. Ferney alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, akasema yote bila kuinua uso. Nami sikuweza kumtazama yule mama. Siku zote za sala za matanga familia yetu ilikunywa kahawa yake, huku tukiitikia kwamba mwanawe alijiua kwa pombe.

Hakupiga kelele. Alizunguka nyuma yangu, akashika jaketi langu. Mgongo wote ulikuwa umelowa, na mbingu haikuwa na wingu. Ulinuka maji ya mto.

Akanivua polepole, kama mtu anayemvua mtoto.

"Hili liache hapa," alisema.

Krismasi inakaribia sasa. Jaketi liko kwenye kamba yake ya kuanikia nguo, juani kutwa. Bado linadondosha maji.