Miguu Isiyosikia Sakafu

Fundi Kola alishona pekupeku. Mafundi wengi wa zamani hushona hivyo. Husema mguu ndio sikio la cherehani. Ukiwa mtupu juu ya pedali, unajua uzi umekaza na sindano imechoka kabla jicho halijaona.

Jina la Kola alipewa na wateja, kwa sababu kola zake zilisimama. Shati lingechakaa mgongoni na kupasuka kwapani, kola ingebaki wima, kana kwamba mwenye shati hajawahi kuona shida duniani.

Lakini mwaka huu miguu yake ilikuwa kiziwi. Akikanyaga sakafu ya sementi, alihisi kama anakanyaga godoro. Na kiziwi huyo alikuwa na kelele zake. Nyayo ziliwaka moto. Vidole vilichomachoma kama vimepakwa pilipili. Jua likizama, moto ulizidi. Shuka likimgusa tu, alilitupa kando.

Chumba chake kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mbele kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kioo cha wateja. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda cha watu wawili, na mtu mmoja akilala upande wa ukutani. Upande wa pili hakuugusa.

Mkewe alikuwa ameondoka miezi saba iliyopita. Alihamia kwa kaka yake, mitaa mitatu tu kutoka pale. Hakufukuzwa na pombe. Pombe aliivumilia miaka mingi. Aliondoka siku alipokunjua jora la kitambaa, akakuta chupa ndani, na mumewe akaapa kwamba hajui imefikaje humo.

"Na mlevi ningeweza kuishi," alisema huku akifunga mzigo wake. "Na mwongo siwezi. Mlevi hulala akaamka. Mwongo haamki."

Baada ya siku hiyo Fundi aliamua kuacha. Mara ya kwanza aliacha peke yake, ghafla, mlango umefungwa. Siku ya pili akatetemeka, akaona vitu visivyokuwepo, akaanguka na degedege. Majirani walimbeba hadi kituo cha afya. Huko akafundishwa kwamba mtu aliyekunywa miaka mingi haachi kienyeji. Huacha akiwa mikononi mwa wahudumu, kwa dawa na kwa kuangaliwa. Akatibiwa. Kila Alhamisi akawa anahudhuria kikao cha walioacha. Ikapita miezi minne bila tone.

Tatizo ni kwamba habari ya miguu hakumwambia mtu. Aliona haya. Tena alikuwa na hesabu yake kichwani: nilipokunywa, miguu ilinyamaza; nimeacha, miguu inalia. Basi kuacha ndiko kumeniletea ugonjwa.

Jioni alikaa mlangoni akatazama njia. Alimtamani mkewe. Alitamani harufu ya sabuni mikononi mwake, maana mama huyo alifua mashuka ya nyumba ya wageni. Alitamani hata kugombezwa. Mtu anayekugombeza bado anakuhesabu kuwa upo.

Na pombe je, alianzia wapi? Hili lazima lisemwe, maana wanaopenda kusahau ni wengi. Alianzia kiwandani. Enzi zile walishona sare, zamu mbili kwa mkupuo. Usingizi ukiwazidi, msimamizi alipita kati ya cherehani na dumu na kikombe cha plastiki. Pombe hiyo aliiita dawa ya macho. Kijana asiyekunywa aliambiwa ni mvivu. Miaka ikapita. Mikono ilipoanza kutetemeka, mishono ikaenda upogo, na mafundi wakapewa barua za kufukuzwa. Sababu: ulevi kazini. Aliyemimina hakuandikiwa barua. Alipandishwa cheo.

Mmoja wa waliofukuzwa pamoja na Fundi alikuwa rafiki yake aliyeitwa Kipimo. Aliitwa hivyo kwa sababu siku zote alidai anakunywa kwa kipimo, hata akiwa amelala mtaroni. Jumanne moja Kipimo alipita, akamkuta Fundi ameloweka miguu kwenye beseni.

"Ulipokuwa unakunywa, miguu ilikuuma?" akauliza.

"Haikuuma."

"Sasa unauliza nini? Mwili unadai chake."

Hakuja mikono mitupu. Fundi alikataa mara ya kwanza. Akakataa mara ya pili. Moto ukapanda hadi kwenye vifundo, naye akapokea glasi moja. Kweli, miguu ikanyamaza. Alilala kama gogo. Asubuhi alipoamka, moto ulikuwa umerudi na ndugu zake.

Jumatano hiyo alishona kutwa nzima ili asifikiri. Alasiri aliinuka kuchukua mkasi, akasikia mlio. Tik. Akapiga hatua nyingine. Tik. Akasimama, mlio ukakoma. Akadhani ni panya. Akainama chini ya meza, akapekua vitambaa, akatingisha cherehani. Hakuona kitu. Akatembea tena. Tik, tik, tik, ukimfuata kama kivuli.

Mwishowe alikaa kitini, akainua mguu wa kushoto. Pini ya kushikizia nguo ilikuwa imezama unyayoni, imebaki kichwa tu. Kichwa hicho ndicho kilichogonga sementi. Ngozi ya pembeni ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu. Pini haikuingia leo. Na hakuwa amesikia chochote.

Hapo Fundi Kola aliogopa kuliko siku alipoanguka na degedege. Mguu unaouma ni wako bado. Mguu unaobeba pini bila kukuambia ni wa nani?

Kesho yake, Alhamisi, hakungoja saa ya kikao. Alikwenda kituo cha afya mapema, akachechemea hadi kwa muuguzi ambaye wote walimwita Sista. Sista aliitoa pini, akasafisha kidonda, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Kisha akamwambia afumbe macho. Akamgusa miguu kwa pamba, akamgusa kwa kijiti chenye ncha, akaweka juu ya kidole gumba chuma kinachotetema. Kila mara aliuliza: unasikia? Mara nyingi Fundi alikuwa bado anangoja aguswe.

Akapimwa na sukari pia, kwa sababu kisukari nacho huua miguu namna hiyo. Sukari ilikuwa sawa.

"Baba, umekunywa lini mara ya mwisho?" Sista akauliza, kalamu mkononi.

Fundi alifungua mdomo aseme miezi minne. Neno lilikuwa tayari ulimini, limenyooshwa kama kola. Akalimeza.

"Juzi," alisema. "Glasi moja."

Sista hakukunja uso. Aliandika. "Ahsante. Sasa naweza kukutibu."

Ndipo akamweleza. Mishipa ya fahamu ni kama nyuzi zinazopeleka habari kutoka unyayoni hadi kichwani. Pombe ya miaka mingi huzila nyuzi hizo. Tena mlevi hali vizuri, na hata kidogo anachokula mwili haukifaidi, basi hukosa vitamini B zinazolisha mishipa. Uzi ukiliwa, hupeleka habari za uongo: moto pasipo na moto. Ukikatika, haupeleki kitu: pini imeingia, wewe hujui.

"Lakini Sista, nilipokunywa hapakuuma. Nimeacha, panauma."

"Nyumba yako ikiungua wewe umelala fofofo, moto haupo?"

Fundi akatazama miguu yake.

"Umeamka, baba. Ndiyo maana unauona. Ukirudi kulala, itaungua yote."

Alimpa vidonge vya vitamini. Alimpa na dawa ya maumivu ya mishipa, ya kunywa kila jioni kama alivyoelekezwa, akamwonya kwamba ingechukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na kwamba ni hatari ikichanganywa na pombe. Dawa za kawaida za maumivu asizitafune kama karanga. Ini lake limeteswa vya kutosha. Ale maharage, mayai, samaki, mboga za majani. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Na asitembee pekupeku tena, hata ndani.

"Mimi hushona pekupeku."

"Ulikuwa unashona. Nunua viatu vyenye nafasi, na uvikung'ute kabla ya kuvaa. Na kila siku nyayo zitazamwe. Nani atakutazamia?"

"Nina kioo cha wateja."

"Kioo ni kizuri. Ila hakiulizi jana ulikuwa wapi."

Fundi akauliza kama atapona. Sista hakumdanganya. Alisema mishipa hupona polepole sana, miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Pengine si yote. Lakini bila pombe, aghalabu huacha kuharibika zaidi, na mara nyingi hali huwa nafuu.

Jumapili Fundi alipiga hodi kwa shemeji yake. Shemeji alimwangalia chini.

"Fundi na viatu? Kuna harusi, au unakwenda kujizika mwenyewe?"

Mkewe alitoka ndani, mikono imelowa. Fundi hakungoja kuulizwa. Alisema yote palepale kizingitini: glasi ya Jumanne, na nani aliileta, na kwamba aliipokea kwa mkono wake, pini, pamba asiyoisikia. Shemeji alianza kucheka, kisha akaacha.

Mkewe alijifuta mikono. Kisha akavuta kigoda. "Lete mguu."

Aliuweka mapajani pake, akautazama kama anavyotazama shuka lenye doa, kila pembe. Miezi saba hakuwa amemgusa. Fundi aliiona ile mikono juu ya unyayo wake na hakuisikia. Aliuma mdomo.

"Nitapita asubuhi nikienda kazini," mama alisema. "Nitatazama nyayo, basi. Usijitandikie mambo mengine."

Akawa anapita. Kila asubuhi alikagua nyayo, katikati ya vidole, visigino. Kisha alimwamuru afumbe macho, akamgusa mahali, akauliza ni wapi. Fundi alikosea karibu mara zote. Asubuhi moja, wiki ya tatu, alichoka kuuona uso wa mkewe ukiinama. Alitaka kumpa zawadi.

"Kisigino cha kulia," alisema kwa furaha.

"Sijakugusa," mkewe akajibu.

Alichukua mkoba wake akaondoka. Siku mbili hakuja. Fundi alijitazama nyayo kwenye kioo cha wateja, shingo imepinda, na kioo hakikumwuliza kitu. Siku ya tatu mama alirudi, akakaa, akagusa. "Wapi?"

"Sijui," Fundi akasema.

"Na hapa?"

"Sijui."

"Vizuri," akasema. Akaendelea.

Dawa ilianza kupunguza moto, akaweza kuvumilia shuka. Alijifunza kupiga pedali kwa viatu, kwa kusikiliza mlio wa mashine badala ya kuusikia mguuni. Mishono ya kwanza ilikwenda upogo. Akaifumua akashona upya. Kipimo aliporudi na chupa, Fundi alimwambia aiache nje, yeye aingie. Alhamisi wakaenda pamoja kikaoni. Huko Fundi alisimulia habari ya dumu na kikombe cha plastiki. Watu watatu waliinua vichwa. Nao walikuwa na dumu lao, na msimamizi wao. Aibu waliyokuja nayo kila mmoja peke yake, siku hiyo waligundua ina wamiliki wengine.

Mwezi wa sita wa ukaguzi huo, asubuhi kama nyingine, Fundi alifumba macho.

"Wapi?"

"Sijui," alisema. Kisha, "Ngoja. Kidole cha mwisho, kulia. Kama sisimizi anapita."

Mkewe akasogeza kigoda karibu.

"Na hapa?"

Fundi alitulia. Alisikiliza kwa muda mrefu. "Hapo hujagusa."

Hakuwa amegusa. Mashuka ya watu yalichelewa kufuliwa siku hiyo. Jumamosi mama alirudi na mzigo wake.

Moto haujaisha wote. Kidole gumba cha kushoto kimekufa ganzi, pengine moja kwa moja. Na jua likizama, hamu ya glasi bado humjia Fundi, tamu kama sauti ya rafiki wa zamani nje ya dirisha. Akiisikia, huweka kitambaa chini.

"Imekuja," humwambia mkewe.

"Basi twende."

Hukung'uta viatu, huvaa, hutoka wote wawili. Hutembea polepole, mtaa baada ya mtaa, mpaka hamu ichoke kwanza.