Nyimbo Zilizofungwa

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akamtilia bibi yake dawa ya jicho. Jicho moja la Bibi lilikuwa halioni tangu zamani. La pili lilikuwa limepasuliwa hospitalini majuzi, na baada ya dawa lilifunikwa tena kwa pamba.

"Mke mwenzangu," Bibi aliuliza, "leo wataimba?"

"Bado, Bibi."

Bibi alitamani kusikia kwaya aliyoimba ujanani. Simu ya Mama ilikwenda kazini na Mama, kwa hiyo Mama alimnunulia Bibi redio ndogo ya kadi, yenye vitufe vya kupapasa kwa vidole. Kiherehere alinunua nyimbo za kwaya hiyo kwa simu ya Mama, akazihamishia kwenye kadi. Kwenye simu ziliimba vizuri. Kwenye redio, kimya.

"Ulisoma maelezo yote?" Mama aliuliza.

"Yote, Mama."

Hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Alikuwa amebonyeza "Nakubali" mara tatu, harakaharaka, kama anayeua mbu.

Jumamosi Mama aliibeba redio, akaongozana na Kiherehere hadi kwa fundi aliyemuuzia.

"Fundi, umeniuzia kopo!"

Fundi aliinua macho. Mwanamke aliyekuwa ameleta pasi yake alisikia, akaichukua mezani. "Kumbe! Basi mimi natafuta fundi mwingine," akasema, akatoka.

Fundi alitia kadi yake mwenyewe, redio ikaimba. Akarudisha kadi yao, ikanyamaza. "Mama, niachie niifungue, nitazame ndani," alisema kwa upole, akaanza kutafuta bisibisi.

Kiherehere alimtazama yule mwanamke akienda zake na pasi. Mungu wangu, nipe mdomo, aliomba kimyakimya.

"Fundi, usiifungue," alisema. "Mama, nilikudanganya. Sikusoma chochote. Nilibonyeza tu 'Nakubali'."

Fundi aliomba simu, akasoma kwa sauti: "Nyimbo hizi zitachezwa ndani ya programu hii pekee." Akatabasamu. "Redio ni nzima. Nyimbo ndizo zimefungwa. Wauzaji wamezitia kufuli ili zisinakiliwe ovyo."

"Huwezi kulivunja?" Kiherehere aliuliza.

"Kufuli la mwenzio huvunji, binti. Unabisha hodi. Hii hapa, chini ya maelezo, namba ya kwaya yenyewe."

Kabla ya kupiga simu, Kiherehere alitoka mbio barabarani. "Shangazi! Shangazi wa pasi! Fundi hana kosa, kosa ni langu!"

Mwanamke alisimama, akamkagua juu hadi chini. "Wewe mdogo hivi, kosa kubwa hivyo?" Akacheka, akageuka kurudi na pasi yake. Mama naye alimwomba fundi radhi, mbele ya mwanamke huyo.

Mwalimu wa kwaya alipokea simu, akaelezwa habari za Bibi. "Bibi yupi? Yule wa sauti ya pili? Alinifundisha kuimba nikiwa mtoto!" Siku hiyohiyo alituma nyimbo zisizo na kufuli.

Nyumbani, Kiherehere alizihamishia kwenye kadi, akamweleza Bibi kila kitu.

"Nyimbo zilifungwa?" Bibi alishangaa. "Ziliiba nini?"

Wote wakaangua kicheko. Kisha Bibi akamshika mkono mjukuu wake.

"Sikiliza, mke mwenzangu. Ukisema 'nakubali', umetoa neno lako. Usilitoe kabla hujajua unakubali nini. Na ukikosea, sema mapema. Leo kosa lako lilikuwa linamwangukia fundi wa watu."

"Nimesikia, Bibi."

Bibi alipapasa kitufe kwa kidole gumba. Kwaya ikajaa chumbani. Kiherehere akafungua mdomo kueleza jinsi ya kuongeza sauti.

"Nyamaza kwanza," alisema Bibi. "Hapa ndipo ninapoingia mimi."

Akavuta pumzi, akaimba.