Hodi ya Tatu ya Bibi Mwatumu

Sogeeni, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako. Hadithi inataka kuingia, ipisheni nafasi.

Palikuwa na msichana anaitwa Mishi. Alikuwa na miaka mitano na nusu. Ile nusu alikuwa haachi kuitaja.

Mishi alikaa na mama yake ghorofa ya kumi na tisa, katika jiji ambalo bado halijajengwa. Likijengwa mtaliona. Treni zake hupita juu ya mapaa ya nyumba, fyuuu! Na katikati ya jiji kuna bustani ya ajabu.

Bustani hiyo ina paa la kioo. Ndani yake mna miti ya chuma, mirefu mpaka shingo inauma ukiitazama. Mchana kutwa miti hiyo hunywa jua. Ikifika saa moja jioni, yote huwaka taa kwa pamoja. Waaa!

Chini ya mti wa saba palikuwa na mmea mmoja mdogo. Huo haukuwa wa chuma. Ulikuwa mwasmini, na ulikuwa wa Mishi.

Mishi aliupanda mwenyewe, kwa mikono yake, siku darasa lao lilipokuja bustanini. Mche alitumiwa na bibi yake kutoka Vanga. Ulifika umefungwa kwenye kitambaa chenye maji, umechoka kama msafiri.

Jana, Mishi aliona tumba. Tumba moja tu, jeupe, dogo kama jino.

"Leo jioni litafunguka!" alisema Mishi. "Bibi, lazima ulione!"

Kwani Bibi Mwatumu alikuwa amekuja kuwatembelea. Alikaa wiki nzima. Na kesho asubuhi na mapema anarudi kwake Vanga.

Kwa hiyo ilikuwa ni leo, au basi.

Sasa, kuna jambo moja mnapaswa kulijua kuhusu Bibi Mwatumu. Bibi haingii mahali bila kupiga hodi. Haingii hata umvute kwa kamba.

Kwenye lifti alipiga hodi. Jirani aliyekuwa ndani akaruka kwa mshtuko. "Ka... karibu," akasema.

Kule Vanga, hata kwenye banda la kuku hupiga hodi. "Kuku nao wana kwao," husema Bibi. Na kuku hujibu, kokokoo, ndipo anaingia kuchukua mayai.

Tena Bibi ana sheria yake. Mishi anaijua kwa moyo. Isemeni pamoja naye:

"Hodi ni tatu.
Ukijibiwa, ingia. Usipojibiwa, rudi kwenu."

Basi jioni hiyo Bibi akajifunga kanga zake mpya. Mishi akavaa ndara zake nyekundu. Wakapanda treni ya juu, fyuuu, wakashuka mbele ya bustani.

Jua lilikuwa linaaga. Mishi alimvuta Bibi mkono. "Upesi, Bibi! Miti itawaka sasa hivi!"

Wakafika mlangoni. Mlango ulikuwa wa kioo, mkubwa, hauna kitasa. Juu yake palikuwa na jicho dogo. Jicho likimwona mtu, mlango hufunguka wenyewe.

Lakini Mishi, jicho halikumwona hata siku moja. Mfupi! Yeye huingia kwa kushika nguo ya mtu mzima.

Jicho likamwona Bibi.

Shwaaa! Mlango ukafunguka.

"Twende, Bibi!"

Lakini Bibi alisimama palepale. Akakohoa kidogo. Akatengeneza kanga.

"Hodi!" akasema.

Kimya.

Mlango ukangoja. Bibi akangoja. Mlango ukachoka kwanza. Shwaaa! Ukafungwa.

"Wamenifungia mlango usoni," alisema Bibi. "Watu gani hawa?"

"Si watu, Bibi. Ni mlango tu. Unafunguka wenyewe."

"Mlango kufunguka si kukaribishwa," alisema Bibi. "Hata upepo hufungua mlango."

"Hodi ni tatu.
Ukijibiwa, ingia. Usipojibiwa, rudi kwenu."

"Moja imekwenda," alisema Bibi. "Zimebaki mbili."

Hapo Mishi akaona kitu kinakuja kwa ndani. Piip, piip, piip! Ilikuwa roboti ya kumwagilia maua. Ilikuwa fupi na nene, na ina mdomo mrefu kama wa birika.

"Huyo mwenyeji anakuja!" alisema Bibi kwa furaha. Akasogea mbele. Shwaaa! Mlango ukafunguka.

"Hodi!" alisema Bibi, na tabasamu lake lote.

Roboti ikamtazama Bibi. Ikatazama kanga yake. Kanga ilikuwa na maua makubwa, ya manjano. Maua!

Piip! Chwaaa! Ikammwagilia maji.

"Lahaula!" alisema Bibi. Maji yalimtiririka mpaka miguuni. Akarudi nyuma hatua tatu. Shwaaa! Mlango ukafungwa.

Mishi alitaka kucheka. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Cheko likatokea puani.

"Cheka tu," alisema Bibi, akikamua kanga. "Nimeishi miaka yote hii, sijapata kumwona mwenyeji anayemrushia mgeni maji. Mbili zimekwenda. Imebaki moja."

Mishi hakucheka tena. Imebaki moja! Na Bibi kesho anaondoka. Na tumba halitamngoja.

Akaja mwanamume mmoja mwenye aiskrimu mkononi. "Shikamoo, Bibi," alisema. "Mbona mmesimama? Ingieni tu! Bustani ni ya watu wote."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bibi. "Wewe ndiye mwenyeji?"

"Hapana. Mimi nimekuja kutembea tu."

"Basi wewe mgeni. Mgeni hamkaribishi mgeni. Wewe uliingiaje jana na juzi? Ulipiga hodi?"

Mwanamume akatazama viatu vyake. Akatazama aiskrimu yake. "Sikupiga," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi alimwangalia tu. Basi. Mwanamume akaja polepole, akasimama nyuma ya Bibi. Naye akangoja kukaribishwa.

Wakaja pacha wawili na mama yao. "Kuna nini hapa?" aliuliza mama.

"Tunangoja kukaribishwa," alisema mwanamume wa aiskrimu.

Nao wakasimama nyuma yake.

Akaja mzee mwenye baiskeli. Wakaja wasichana wanne wa shule. Akaja bwana harusi na bibi harusi, wanataka kupiga picha. Wote wakasimama nyuma.

Foleni ikarefuka. Ikapinda kona. Huko mwisho kabisa mtu akauliza, "Wanagawa nini?"

"Mchele nadhani," alijibu mwenzake.

Na jua lilikuwa linazama. Lilibaki kipande tu, kama ganda la chungwa.

"Imetosha," alisema Bibi. "Napiga ya tatu, tujue moja."

"Ngoja, Bibi! Ngoja!" alisema Mishi. Moyo ulimdunda, du, du, du. "Mwenyeji ni nani?"

"Ni mtu mwenye chake ndani," alisema Bibi. "Aliyepanda, aliyefagia, aliyepika. Huyo ndiye wa kukaribisha."

Mishi akafikiri. Akakuna kichwa. Akakuna na goti, ingawa goti halikuwasha.

Aliyepanda!

"Bibi," alisema Mishi, "mimi nimepanda!"

  Bibi akamtazama mjukuu wake juu mpaka chini, na hapo katikati hapakuwa na safari ndefu.

"Kweli," alisema. "Umepanda."

"Basi usipige hodi mpaka nikupungie mkono!"

Piip, piip! Roboti ilikuwa inatoka nje, imeinua mdomo wake mrefu juu. Shwaaa! Mlango ukafunguka. Mishi akapita kando yake, chupuchupu, akaingia ndani. Shwaaa! Mlango ukafungwa.

Mishi akageuka. Akajiweka sawa, kama mwenye nyumba. Akampungia Bibi mkono.

Kule nje, Bibi akabaki hatua tatu nyuma, asimwagiwe tena, akavuta pumzi. Foleni nzima ikavuta pumzi.

"Hodi!" alisema Bibi.

"Karibu!" alisema Mishi.

Lakini kioo kilikuwa kinene. Bibi aliuona mdomo wa Mishi ukifunguka na kufungika, kama wa samaki. Hakusikia kitu.

"Karibu! Karibu, Bibi! Karibuuu!"

Kimya.

Bibi akangoja. Akatega sikio la kulia. Akatega la kushoto. Kisha mabega yake yakashuka.

"Hodi ni tatu," alisema taratibu. "Usipojibiwa, rudi kwenu."

Akajifunga kanga, akageuka. Mwanamume wa aiskrimu naye akageuka. Pacha wakageuka. Bwana harusi akageuka na bibi harusi wake. Foleni yote ikaanza kwenda zake.

Mishi akaona machozi yanataka kuja. Akayameza. Sasa haikuwa saa ya kulia. Sasa ilikuwa saa ya kuruka.

Alikimbilia mlangoni. Akaruka, hop! Jicho la mlango halikumwona.

Akaruka tena, hoop! Jicho halikumwona.

Mishi akavua ndara moja nyekundu. Akaishika juu kabisa. Akarudi nyuma, akakimbia, akaruka kwa nguvu zake zote, na ile nusu ya miaka yake akaitia ndani.

Hooooop!

Jicho likaona ndara.

Shwaaa!

"KARIBU, BIBI!" alipiga kelele Mishi. "KARIBU NDANI! KARIBUNI NYOTE!"

Na pale pale ikafika saa moja.

Waaa! Mti wa kwanza ukawaka, mwekundu. Waaa! Wa pili, bluu. Waaa, waaa, waaa! Kijani, zambarau, dhahabu, mpaka paa lote la kioo likajaa rangi, na pua ya kila mtu ikawa na rangi yake.

Bibi Mwatumu akageuka. Pua yake ilikuwa kijani.

"Haya, hivyo ndivyo," alisema. "Nimekaribishwa na mwenyeji, tena kwa taa. Nimekaribia, mwanangu, nimekaribia!"

Akavua viatu mlangoni. Akaingia.

Na foleni yote ikavua viatu. Mlima wa viatu ukajaa mlangoni. Roboti ikaja ikaumwagilia maji, chwaaa!

Mishi akampeleka Bibi mpaka mti wa saba. Wakachuchumaa. Tumba halikuwepo tena. Palikuwa na ua moja, jeupe, wazi kabisa, linanukia.

"Ni hili," alisema Mishi.

Bibi akainama, akanusa. Akafumba macho. Akanusa tena. 

"Linanukia kama uani kwangu," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Nilidhani huku kwenu hakuna hata kitu kimoja kinachonijua."

"Kipo, Bibi," alisema Mishi. "Kipo hiki. Na mimi nipo."

Bibi akamkumbatia. Kanga ilikuwa bado mbichi kwa maji, lakini Mishi hakujali.

"Sasa, mwenyeji," alisema Bibi akijifuta macho, "huna cha kumpa mgeni?"

Loo! Mishi alikuwa amesahau. Akatia mkono mfukoni. Akatoa biskuti, nusu, na vumbi lake.

Bibi akaipokea kwa mikono miwili. Akaila yote, na vumbi lake.

"Na sisi?" aliuliza mwanamume wa aiskrimu.

"Yangu imekwisha," alisema Mishi. "Wewe toa aiskrimu yako."

Wakalambishana aiskrimu, kila mtu mara moja. Bibi harusi alilamba mara mbili, lakini siku hiyo alisamehewa.

Ulipofika wakati wa kwenda, Mishi aliwasindikiza wageni wake mpaka mlangoni, kama ipasavyo. Ndipo akakumbuka kwamba na yeye anakwenda. Akajisindikiza mwenyewe.

Treni ikawarudisha nyumbani. Fyuuu, polepole. Ghorofa ya kumi na tisa, Mishi akaoga, akapiga mswaki, akapanda kitandani. Bibi akamfunika kanga, ile iliyokauka.

"Bibi, ukirudi tena, utapiga hodi?"

"Nitapiga."

"Mimi nitaitika hata ya kwanza."

"Najua," alisema Bibi. Akazima taa.

Dirishani, kule mbali, miti ya chuma ilikuwa inawaka bado. Nyekundu. Bluu. Zambarau.

Usingizi ukaja mpaka kitandani kwa Mishi. Ukasimama. Nao ulikuwa na adabu zake.

Hodi, ulisema usingizi. Mishi akapiga mwayo.

Hodi, ulisema tena. Mishi akageukia ukutani.

Hodi.

"Karibu," alisema Mishi.

Usingizi ukaingia.