Écouteur ya pili

Rafiki yangu Nadine ndiye aliyenieleza haya, na Nadine si mtu wa uongo.

Alikwenda Walikale kuchagua écouteur ya Bluetooth, ile ya kuvaa sikioni isiyo na waya, asikilize redio akitwanga mihogo. Ilikuwa wiki ya tatu tangu kaka yake Déo afunikwe na udongo ndani ya shimo la madini, pamoja na wenzake kumi. Aliyefunikwa akiwa hai hugonga jiwe mara tatu. Watu walilala juu ya shimo siku mbili wakisikiliza, wakaondoka. Mama yake bado anamwekea Déo chakula.

Mvua ilikuwa karibu kunyesha, na dukani kulikuwa na giza.

"Acha simu hapa, dada, utembee na écouteur ku sikio," alisema Papa Mbusa, mwenye duka. "Ile mubaya inakatika kabla ufike ku barabara."

"Na nikikimbia nayo?"

"Utakimbia na sikio, simu itabaki yangu."

Ya kwanza ilikatika mlangoni. Ya pili ilimfikisha hadi kanisani, kisha redio ikanyamaza, akasikia ko, ko, ko. Akarudi dukani mbio.

"Simu yako ilizimika tangu ulitoka," Papa Mbusa alisema. "Betri ndo iliisha."

Kweli, kioo kilikuwa cheusi. Sikioni kukagongwa tena: ko, ko, ko, halafu kimya, kama mtu anayengoja. Nadine akaigonga écouteur kwa ukucha, mara tatu.

Yakajibu mawe mengi, yote kwa pamoja.