Kibano cha Upande wa Kahawa

Kila asubuhi, baada ya kufagia na kabla ya uji, Godlove wa darasa la saba aliizunguka nguzo ya redio kwa mwendo wa jaji anayeingia mahakamani. Nguzo yenyewe ilikuwa bomba la chuma la mita sita, lililosimama kati ya jiko la shule na shamba la kahawa, likishikiliwa na nyaya tatu zilizofungwa ardhini. Godlove alivuta waya mmoja mmoja, akachungulia vibano vilivyobana ncha zake, kisha akaandika kwenye daftari: "Nyaya zote salama." Chini yake alitia saini ndefu kuliko sentensi yenyewe.

"Mheshimiwa Mkaguzi!" rafiki yake Anwar alimwita kutoka kwenye foleni ya uji. "Bomba limeamkaje?"

"Limeamka salama. Linauliza kama umeoga."

Foleni nzima ikacheka. Shule ilimjua Godlove kwa utani. Ndiye aliyewahi kuwatoa wasichana wa bweni zima mbio, akipiga kelele kwamba nyuki wamevamia, na nyuki wenyewe hawakuwepo. Lakini tangu mwezi uliopita hakuwa na raha, na sababu ilikuwa mwanafunzi mgeni aitwaye Zita.

Zita alihamia kutoka Rau, ambako mjomba wake alikuwa fundi wa madishi. Alikuta klabu ya redio ikitafuta antena ya kuzungumza na shule rafiki ya Sanya Juu. Mwalimu Filemon, mlezi wa klabu, alikuwa na leseni ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaozungumza angani kwa kupenda tu. Godlove alikuwa amechora mnara wa mita kumi na tano, wenye bendera kileleni, na kwa maoni yake ulikuwa mnara wa kihistoria. Wakaazima mlingoti mrefu, wakajaribu. Walimsikia mzee wa nchi ya mbali akikohoa. Kutoka Sanya Juu hawakusikia hata chafya.

"Sauti inawaruka," Zita alisema. "Antena ndefu ya kusimama inatupa sauti mbali. Sanya Juu ni hapo tu, nyuma ya bega la mlima. Tulaze waya wa antena chinichini, sauti ipande juu wima, irudi karibu, kama mpira uliorushwa juu."

Wakasimamisha lile bomba fupi la mita sita, wakalaza waya juu yake. Sanya Juu wakasikika kana kwamba wako jikoni wanamenya ndizi. Mwalimu Filemon alifurahi sana. Akatangaza kwamba Jumamosi, mbele ya wazazi, Zita ndiye atakayeshika kipaza sauti na kusema salamu za shule. Godlove angeendelea kukagua nyaya.

Kuanzia siku hiyo Godlove alimwonea Zita kijicho kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kwenye hisabati. Aliona nyama ya Zita kwenye mtori, ile supu ya ndizi, ni kubwa kuliko yake. Aliona hata kikohozi cha Zita kina majivuno. Aliapa kutomsalimia, na akatimiza kiapo hicho kwa siku tatu na nusu, mpaka alipohitaji kuazima rula.

Alhamisi asubuhi, kwenye waya wa upande wa kahawa, alikuta nati ya kibano imelegea. Waya ulikuwa umeteleza urefu wa kidole. Spana ilikuwa mfukoni mwake. Kuikaza nati ile ni kazi fupi kuliko kupiga chafya.

Hakuikaza.

Alisimama pale akiwaza. Jumamosi bomba litainama kidogo, waya wa antena utalegea, sauti ya Zita itakwaruza mbele ya wazazi wote. Hapo yeye Godlove atajitokeza taratibu na spana yake, akaze nati moja, na watu wampigie makofi. Ulikuwa mpango mzuri sana, isipokuwa kwamba ulikuwa mbaya. Akafungua daftari na kuandika: "Nyaya zote salama." Siku hiyo saini yake ilitoka fupi. Ijumaa aliandika hivyohivyo bila hata kufika kwenye nguzo.

Jumamosi alasiri wazazi walikaa kwenye viti mbele ya bwalo. Mama Godlove alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani. Upepo ulianza kushuka kutoka mlimani, ukatikisa migomba.

"Zita," Mwalimu Filemon alisema, "kabla hatujaanza saa kumi, nenda kazungushe tepu kwenye kiungo cha kebo pale chini ya nguzo. Upepo usije ukakichomoa."

Zita akaenda, akapiga magoti chini ya nguzo, upande wa jikoni, kando ya ndoo ya mpishi. Upepo ukavuma tena. Godlove akaona bomba likiinama kuelekea jikoni, likarudi, likainama zaidi.

"Zita! Toka hapo! Nguzo inaanguka!"

Zita hakuinua hata kichwa. "Leo hunipati, Godi! Waambie nyuki wasubiri!"

Watoto wakacheka. Hata baadhi ya wazazi wakatabasamu. Godlove alitazama vicheko vile, akaelewa kwamba kati ya maneno yote aliyonayo, ni yale ya kukiri kosa lake tu yatakayoaminika.

"Kibano cha upande wa kahawa kimelegea!" alipiga kelele. "Tangu Alhamisi! Nilikiona nikakiacha! Kimbilia kwenye kahawa!"

Zita akageuka, akaona waya unachezacheza, akaruka kuelekea kwenye kahawa. Bomba likaanguka upande wa jikoni, likalala palepale alipokuwa amepiga magoti, likaivunja ndoo ya mpishi vipande viwili.

Hakuna aliyecheka. Mama Godlove alifunika uso kwa ncha ya kitenge. Mwalimu Filemon alifungua daftari.

"Alhamisi, salama. Ijumaa, salama. Saini hii ni ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Kwa nini, Godlove?"

"Nilitaka sauti yake ikwaruze." Akaongeza: "Nilimwonea wivu."

Alikwenda kwenye uzio, akachuma jani la sale, lile ambalo Mchagga akipewa na aliyemkosea hana ruhusa ya kulikataa. Akampa Zita kwa mikono miwili.

Zita alilishika jani. "Ningekufa, Godi."

"Najua. Nisamehe."

Zita aligeuka kuitazama ndoo. "Sale nimelipokea," alisema hatimaye. "Nimekusamehe, lakini hasira bado ninayo. Sasa andika ukweli kwenye daftari, halafu lete ngazi. Sanya Juu wanatusubiri."

Godlove akaandika. Bomba lilikuwa limepinda, lakini Zita alionyesha miti miwili ya mgrevilea pembeni ya shamba. Waya ungeweza kuwa chini hata zaidi, alisema, sauti bado ingepanda na kurudi. Godlove alipanda ngazi, akafunga kamba, na Mwalimu Filemon akavuta kila fundo kwa mkono wake. Saa kumi na moja kasoro robo Zita alibonyeza kitufe na kusema salamu za shule. Sanya Juu wakajibu, sauti safi kabisa, na wazazi wakapiga makofi mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Godlove hakupigiwa makofi. Alisimama chini ya mti akiilinda ngazi, na Mwalimu Filemon akaja kusimama kando yake.

"Daftari lile," mwalimu alisema polepole, "halikuandikwa kwa ajili ya Zita. Ni la kila anayepita chini ya nguzo: mpishi, mimi, mama yako. Ulimwonea wivu mtu mmoja, ukawadanganya wote."

"Ndiyo, mwalimu. Nitalipa ndoo." Godlove akasita. "Lakini mwalimu, wivu bado ninao. Nikimsikia pale anavyosema vizuri, unanichoma."

"Najua. Wivu humjia kila mtu, mwanangu, hata walimu. Ukija, uache ukae kimya; ukichoka utaondoka. Lakini kalamu usiupe."