Droo ya Chini

Walikutana wakigombea plasta. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika asubuhi ile, mafundi wanapigana vikumbo mbele ya kaunta, na pakiti ya plasta imebaki moja tu. Sindano, fundi cherehani mwenye gauni la njano alilojishonea mwenyewe, aliishika upande mmoja. Mkono uliojaa vumbi jeupe ukaishika upande wa pili.

"Dada, umevunjika mguu?" kijana akauliza. "Maana plasta ni ya hospitali au ya sisi mafundi dari."

"Natengeneza rangi ya kupaka fanicha kuukuu."

"Kwa plasta?"

"Ndiyo, kaka. Unaikoroga na maji kwanza, ikilainika unaimimina kwenye rangi ya ukuta. Inashika mbao vizuri mno. Haya, achia."

Hakuachia mpaka alipopewa namba ya simu.

Basi mambo yakaanzia hapo. Fundi dari, ambaye mtaa mzima ulimwita Vumbi, akawa anapiga simu asubuhi kuuliza kama Sindano ameamka, na jioni kuuliza kama amemkumbuka. Miezi saba baadaye akaja na mkokoteni, juu yake kabati la droo nne, la mti mwekundu.

"La mama yangu hili, alipewa siku ya harusi yake. Lipake jeupe, mpenzi. Jumapili ijayo anakuja kukuona."

"Anakuja kuniona mimi au kabati?"

"Vyote viwili. Ukishaanza kulishughulikia, nipigie. Nitakuwa nasubiri simu, sitanii."

Sauti yake ilitetemeka kidogo, lakini Sindano hakutilia maanani. Akili yake ilishatekwa na hiyo Jumapili. Sifa za mama huyo alizisikia: mchumba wa kwanza wa kaka yake Vumbi alikataliwa kwa kosa la kuleta vikombe visivyofanana!

Jumatatu akapaka. Droo ya chini aliivuta mara mbili, ikagoma, akaipaka ikiwa imefungwa vilevile. Jumanne alipoamka, moyo ulimlipuka: madoa mekundu yamechomoza kwenye weupe, utadhani kabati limepata upele. Akapaka tena. Jumatano madoa yakarudi. Akakoroga rangi nzito kama uji, akapaka mara ya tatu mpaka nyufa zote zikazibika.

Simu ikalia. Vumbi huyo. Amwambie nini? Kwamba ameharibu kumbukumbu ya harusi ya mama mtu? Akaiacha ilie. Alhamisi ikalia mara sita. Ijumaa akaandika ujumbe: "Nina kazi nyingi, tutaongea." Jumamosi simu haikulia kabisa, na hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli. Alishona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo, akafumua, akaushona palepale tena.

Alasiri mlango ukagongwa. Vumbi alisimama na shati lililopigwa pasi, macho mekundu, nyuma yake mkokoteni mtupu.

"Nimekuja kuchukua kabati."

"Nani kakwambia limeharibika?"

"Limeharibika? Mimi sijui hayo. Jibu lako nimelielewa, Sindano. Siku tatu mtu hapokei simu! Ungesema tu hapana. Ningeumia, lakini ningejua."

"Hapana ya nini? Mbona sikuelewi?"

"Usinifanye mtoto. Uliona nilichoweka kwenye droo."

"Droo ipi?"

"Ya chini!"

"Ile haifunguki!"

Vumbi akapiga magoti, akapitisha kidole ukingoni. Rangi ilikuwa imeziba pande zote nne.

"Umepaka bila kutoa droo? Fundi gani anapaka kabati bila kutoa droo?"

"Fundi cherehani!" Sindano akasema, machozi yakamtoka.

Vumbi akachomoa kisu chake cha plasta, akakata ukingo taratibu, akavuta kwa nguvu. Droo ikatoka na vipande vya karatasi iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na kitambaa chenye fundo, na ndani ya fundo, pete.

"Karatasi niliishindilia mwenyewe," akasema polepole, "ili isifunguke njiani. Jamani, mjinga ni mimi."

"Na mimi nimelilia madoa wiki nzima."

"Madoa haya? Mti mwekundu hutoa rangi yake. Unaupiga vanishi kwanza, ndipo unapaka. Ungeniuliza."

"Niliogopa."

"Na mimi je? Sijala tangu Alhamisi."

Alikuwa bado amepiga magoti, akaona abaki hapohapo. "Basi nakuuliza kwa mdomo. Utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Nakubali mara mia, we mwanaume wewe!" Pete ikaingia kidoleni, ikakwaruza rangi iliyokaukia hapo. Mara akashtuka. "Mungu wangu! Mama yako si anakuja kesho?"

Vumbi akamrushia kipande cha msasa cha kukwangulia rangi ile, yeye mwenyewe akachukua kingine. Wakapiga magoti mbele ya kabati, bega kwa bega.

"Vua pete kwanza," akamwambia, "itachafuka."

"Sivui," Sindano akasema, akaanza kusugua.