Vigingi Ndani ya Maji

Kila asubuhi Njambi alifanya mambo yaleyale. Aliwasha jiko la makaa. Aliteleka chai na kuiacha ichemke mara mbili, kama mumewe alivyoipenda. Alifagia uwanja. Halafu, kabla hajanywa chai yake mwenyewe, aliteremka hadi mwisho wa shamba lao pale Waithaka, pembezoni mwa Nairobi. Akafika, akasimama tu.

Hakukuwa na kazi huko. Zamani kulikuwa na chemchemi. Maji yalitoka chini ya jiwe, baridi na safi, yakapita taratibu kati ya matete. Njambi alilima nduma, yaani magimbi, hapo tangu alipoolewa. Miguu ilizama kwenye tope hadi vifundoni. Vyura waliimba. Ndege wanaoitwa kwarara, wenye midomo mirefu, walikuja kudonoa wadudu. Walitembea polepole kama wazee wanaotafuta sarafu iliyoanguka.

Miaka mitatu kabla ya hapo mumewe, Gerishon, alikuwa amepanda mikaratusi kuzunguka chemchemi. Watu wengi wa huko walifanya hivyo walipotaka kukausha mahali penye maji, kwa sababu mkaratusi hunywa maji mengi sana. Miti ilikua haraka. Maji yakapungua, nduma zikanyauka, vyura wakanyamaza.

"Mama Shiku!" Gerishon aliita kutoka juu. "Chai inapoa! Unatafuta nini huko, umeangusha meno?"

"Nakuja, Baba Shiku."

Lakini alikawia kidogo. Alisikiliza. Hakusikia kitu.

Huo ulikuwa mwaka wa 2005. Gerishon alikuwa amestaafu ukarani katika ofisi moja katikati ya jiji. Sasa alitaka kujenga flati za kupangisha, kuanzia barabarani hadi mwisho wa shamba. Mchoraji wa ramani alikuwa na ofisi mjini, juu ya duka la viatu. Alimchorea kila kitu. Mahali pa chemchemi alichora mahali pa kuegesha magari na safu moja ya nyumba.

Njambi aliiona ramani mezani. Aliweka kidole pale.

"Na hapa?"

"Hapo ni simenti," Gerishon alisema.

Njambi aliondoa kidole. Usiku huo hakula vizuri.

Lakini mchoraji alikuwa na neno lingine. "Mzee, kabla ya kujenga, lazima mtaalamu wa mazingira aje akague hiyo ardhi. Ni sheria. Aandike kuna miti gani, wanyama gani, maji yanapita wapi. Bila ripoti yake hupati ruhusa."

Gerishon alikubali bila wasiwasi. Si palikuwa pakavu?

Mtaalamu alikuja mwezi wa Februari, jua likiwa kali. Gerishon alitarajia mwanamume mwenye tai. Alikuja msichana anayeitwa Kasyoka, amevaa gambuti za mpira, ana daftari mkononi na chuma kirefu begani.

"Gambuti za nini, msichana wangu?" Gerishon alicheka. "Hapa hata mbuzi anatafuta maji."

"Nimeshaharibu jozi mbili za viatu vizuri kwa shamba kavu kama hili, mzee."

Kasyoka alifanya kazi kutwa nzima. Aliandika miti yote: miringa miwili mikubwa, muhuti mmoja, mikaratusi ishirini na tatu. Alitazama ndege kwa darubini. Kisha akateremka chini, akazungusha kile chuma ardhini hadi kikaingia chote. Alipokitoa, kilikuwa kimebeba udongo.

"Njooni muone," alisema. "Udongo wa Waithaka una rangi gani?"

"Mwekundu," Njambi alijibu.

"Huu wa juu ni mwekundu. Wa chini je?"

Wa chini ulikuwa wa kijivu, wenye madoadoa kama kutu.

"Maji yakikaa ardhini muda mrefu, udongo hupoteza wekundu wake," Kasyoka alieleza. "Madoa haya ya kutu yanabaki pale hewa ilipopenya. Maji yamekaa hapa miaka mingi."

"Hayo maji nimeyamaliza mwenyewe," Gerishon alisema.

"Umeyashusha, mzee. Hujayamaliza."

Kasyoka akamgeukia Njambi. "Mama, hapa palikuwa na nini?"

Njambi alimtazama mumewe kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Halafu akaanza. Alisema juu ya jiwe, na maji yalivyotoka chini yake. Alisema vyura wadogo wa kijani walikuja na mvua ya kwanza, na wale wakubwa wa hudhurungi wakafuata. Alisema mahali matete yalipoanzia na yalipoishia. Kasyoka aliandika kurasa nne.

"Hiyo ni ripoti ama ni barua ya mapenzi?" Gerishon aliuliza.

"Ni ripoti. Mama ameishi hapa miaka thelathini, mimi nina siku moja tu." Kasyoka alifunga daftari. "Nitarudi mvua ikinyesha Aprili. Shamba lazima lionekane wakati wa jua na wakati wa mvua."

"Aprili! Andika tu pakavu, tumalize."

"Siwezi, mzee. Nikiandika hivyo, watakaolowa ni wapangaji wako."

Gerishon alikasirika. Mwezi wa Machi alipigilia vigingi vya msingi, hadi chini kabisa. "Vigingi si nyumba," alisema. "Hakuna sheria ya vigingi." Njambi aliendelea kuteremka kila asubuhi. Sasa alisimama kati ya vigingi.

Aprili mvua ilikuja. Ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne Kasyoka alirudi, na wote watatu wakateremka.

Vigingi vilikuwa vimesimama ndani ya maji. Vingine vilikuwa vimeng'oka, vinaelea. Na vyura walikuwa wakiimba, wachache, upande wa jiwe.

Njambi alivua viatu. Alikunja sketi, akaingia, akasimama hapo.

"Nitaleta kifusi," Gerishon alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Malori kumi. Tujaze kabisa."

Njambi alitoka majini. "Baba Shiku, vaa koti. Twende Kinoo."

Kinoo ndiko alikozaliwa. Walipita njia ya Uthiru, kwa miguu. Huko pia palikuwa na chemchemi, ya mama yake Njambi. Kaka zake waliijaza kifusi wakajenga nyumba za kupangisha. Walimkuta kaka yake Zedekiah amekunja suruali, anateka maji kutoka chumba cha mpangaji kwa beseni.

"Karibu, shemeji!" Zedekiah aliita. "Ingia tu. Leo tunabatiza kila mtu."

Kuta zilikuwa na unyevu hadi magotini. Plasta ilibambuka kama ganda la kiazi. Vyumba viwili havikuwa na watu.

"Kwani hamkujaza?" Gerishon aliuliza.

"Tulijaza sana! Maji hayakuhama, shemeji. Sisi tuliyakalia tu."

Njambi alikuwa akizunguka uwanja, akitazama chini. "Zedekiah, jiwe la mama liko wapi?"

Zedekiah aliweka beseni chini. Alitazama magari yaliyoegeshwa, huku na huku. "Chini ya lile la bluu, nafikiri. Ama lile lingine. Kusema kweli sikumbuki tena."

Njambi alikwenda kwenye gari la bluu. Aliinama, akagusa simenti kwa kiganja. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwa imeacha kunyesha.

Gerishon aliona. Wakarudi kwa njia ileile, wakafika Uthiru tena.

"Mama Shiku," alisema, bila kumtazama. "Mpigie simu yule wa gambuti."

Kasyoka alikaa nao mezani, ramani ikiwa katikati.

"Nyumba zote tuzisogeze juu," alisema. "Kutoka kwenye maji tuache hatua thelathini bila kujenga. Mikaratusi ikatwe. Miringa na muhuti ibaki, ni ya hapa, ndege wanaijua. Maji ya paa yaingie kwenye matangi, wapangaji wafulie. Yatakayozidi yapite kwa mtaro mpana wenye nyasi. Nyasi hupunguza mbio za maji, tope linabaki nyuma. Mahali pa magari msimwage simenti. Wekeni kabro, yale matofali ya kutandika chini, yenye nafasi katikati, mvua izame ardhini."

"Nyumba zitapungua," Gerishon alisema.

"Zitapungua nne. Lakini zitakazobaki hazitaingiwa na maji."

Gerishon alifikiria beseni la Zedekiah. Akachukua penseli, akafuta mwenyewe ile safu ya chini. Alifuta polepole, na makombo ya raba akayapuliza.

Walipata ruhusa, wakajenga. Mikaratusi ilikatwa. Msimu mmoja wa mvua ulipita, maji hayakutoka kwa jiwe. Njambi aliteremka kila asubuhi kungoja. Msimu wa pili yalitoka, kidogo, kama uzi. Msimu wa tatu aliomba miche ya nduma kwa jirani, akapanda safu tatu. Kwarara hawajarudi bado. Njambi huwaangalia juu wakipita kwenda kwingine, na hukaza macho mpaka wapotee.

Nyumba za upande wa barabara zilipata watu haraka. Za nyuma, zinazotazama matete, zilibaki tupu. "Nilijua," Gerishon alinung'unika. "Nani atalipia kuangalia majani?"

Jumamosi moja, baada ya mvua ya mchana, alikuja mtu anayeitwa Oyoo. Alikuwa karani mjini. Mkewe na watoto walikuwa nyumbani kijijini, Ugenya, kando ya mto wenye vyura. Mwaka wa nne sasa aliishi peke yake. Mke alikuwa amekuja Nairobi mara moja, akasema jiji ni mawe matupu, akarudi.

Gerishon alimwonyesha nyumba ya mbele. Oyoo alitikisa kichwa, akauliza ya nyuma. Alifungua dirisha. Matete yalikuwa yakidondosha maji. Njambi alikuwa huko chini, ameinama kwenye nduma. Vyura walikuwa wameanza, wengi.

Oyoo hakuuliza bei. Alitoa simu mfukoni.

"Jacklyne? Usiongee. Sikiza." Akaunyoosha mkono wenye simu nje ya dirisha, mbali kadiri alivyoweza.

Gerishon alingoja kando, funguo mkononi. Baada ya muda sauti ya mwanamke ikasikika ndani ya simu, kwa hasira na kwa furaha:

"We Baba Odero! Umefika nyumbani na hujaniambia? Uko upande gani wa mto? Nakuja!"